Mtoto anachelewa: nani aanze kupimwa?

Barua za safari hii zinagusa jambo moja, mtoto anayechelewa kupatikana. Karibu zote zimeandikwa na wanawake, hata pale ambapo swali lilimhusu mume.

Daktari, nina umri wa miaka 29, na nina miezi minane kwenye ndoa, sijashika mimba. Mama mkwe ameanza maswali. Nikapime?

Subiri kidogo, dada. Kwa kawaida vipimo huanza miezi 12 ikipita mkikutana mara kwa mara bila kinga na mimba haijaingia. Aliyetimiza miaka 35 asipitishe miezi sita. Wasiotakiwa kusubiri ni wenye sababu inayoonekana: hedhi inayoruka miezi, historia ya maambukizi ya nyonga, mume aliyetibiwa saratani au ambaye korodani zake hazikushuka utotoni.

Kwa sasa angalieni siku. Yai likishatoka haliishi zaidi ya saa 24, ila mbegu za mume zinaweza kulisubiri ndani hadi siku tano. Kwa hiyo siku zenu ni tano za kabla ya yai kutoka, pamoja na siku lenyewe linapotoka. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Mama mkwe mwachie mumeo amjibu.

Mke wangu amepima kila kitu, yuko sawa. Sasa daktari ananitaka mimi. Nguvu ninazo, na nilizaa mtoto kabla ya ndoa. Nipime nini?

Ungepaswa kuwa wa kwanza, ndugu yangu, au angalau mwende siku moja. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanamume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke. Nguvu za kiume na ubora wa mbegu ni mambo mawili tofauti: mtu anaweza kuwa na nguvu zote na manii yasiwe na mbegu hata moja. Na mtoto wa miaka iliyopita anaeleza habari za wakati ule tu.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, kisha utoe manii kwenye kikopo utakachopewa, bila mate, sabuni wala mafuta, na wala usitumie kondomu ya kawaida kuyakinga. Tone la kwanza likimwagika sema, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Ukitolea nyumbani, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa mfuko wa ndani ya shati kipate joto la mwili.

Majibu yakija usishtuke. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, kiwango cha chini ni manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Kwa umbo, asilimia nne tu zikiwa nzuri inatosha. Wengi wakiona hiyo nne hudhani wamekwisha. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuzishusha.

Nimeandikiwa kipimo cha mirija ya uzazi. Wenzangu wanasema kinaua kwa maumivu.

Wengi husikia maumivu kama ya hedhi kwa dakika chache. Wachache huumia zaidi. Omba dawa ya maumivu unywe kama saa moja kabla. Hufanywa hedhi ikishakatika, kabla yai halijatoka. Dawa inayoonekana kwenye picha husukumwa kupitia mlango wa kizazi huku eksirei ikipigwa, na ikimwagikia tumboni pande zote mbili mirija iko wazi. Mrija unaweza pia kujikaza kwa muda ukaonekana umeziba, kwa hiyo usikubali upasuaji kwa picha moja bila kuuliza. Na kama majibu ya mumeo hayajatoka, anza na hayo.

Hedhi yangu huja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ndiyo mwisho?

Hapana. Huenda mayai hayapevuki kwa wakati, na hali hiyo ina tiba. Vidonge vya letrozoli hutumika sana, vikifuatiliwa kwa ultrasaundi. Usivinunue na kumeza mwenyewe.

Nina miaka 42. IVF si itamaliza yote?

IVF, yaani yai kurutubishwa na mbegu maabara kisha kurudishwa kwenye mji wa mimba, hulivuka tatizo la mirija vizuri sana. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, mirija yake ilikuwa imeziba. Umri wa yai ni habari nyingine: IVF hutumia mayai uliyonayo, na kwa miaka 42 nafasi kwa kila jaribio ni ndogo. Mwulize daktari waziwazi kuhusu mayai ya kuchangiwa na mwanamke mwingine. Na kama ultrasaundi imeonyesha mrija uliojaa maji, ushughulikiwe kwanza, kwani hupunguza uwezekano wa mimba kushika.

Nachoma testosteroni, homoni ya kiume, kwa ajili ya misuli. Mke asijue, ila je, ina madhara?

Inayo. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu, na zinaweza kufika sifuri. Sindano hizo ziache kwa usimamizi wa daktari. Mbegu hurudi kwa wengi baada ya miezi kadhaa, kwa wengine hupita mwaka. Mkeo mwambie kabla hajaenda kupigwa picha ya mirija bure.