Usilitupe hilo koloni, Mwalimu

Shikamoo Mwalimu. Umeuliza kama koloni, yaani kundi la seli zilizoota pamoja, la hamira uliyoitoa kwenye maji ya mabibo huko Newala limeharibika, maana katikati limejikunja na pembeni ni laini. Mikunjo si uharibifu. Koloni likizeeka, seli hugawana kazi: za juu hushiba na kudumu, za chini hubaki na njaa, zikiachia virutubisho vinavyozilisha za juu. Amonia, gesi yenye harufu kali, ni mojawapo ya ishara zinazopita kati yao. Viumbe visivyo na ubongo, vinapangana hivyo! Kila nikiliona hunigusa.

Liache wiki mbili, sahani ya kuoteshea ikiwa imepinduliwa ili jasho la mfuniko lisilidondokee. Kisha likate wima kwa wembe mpya, utazame tabaka kwa hadubini. Ukiona manyoya ya kijani, huo ni ukungu.