Kabla hujaandika "imevunjika", uliza seli zilikula nini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kromosomu, vile vifurushi vya DNA ndani ya seli, hapa Dodoma, naanza na hewa. Kiangazi chetu ni kikavu mno. Ukidondosha seli kwenye slaidi, methanoli na asidi asetiki tulivyozihifadhia vinakauka kabla kromosomu hazijatawanyika, na chini ya darubini unakuta lundo moja kama punje za mtama zilizogandamana. Msihangaike kutafuta kosa kwenye damu. Pitisheni slaidi juu ya mvuke wa maji moto kwanza, kisha mdondoshe. (Damu yenyewe iwe kwenye chupa ya heparini, ya kifuniko cha kijani. Ya zambarau mrudishieni aliyeileta.)

Sasa maeneo tete. Yale ya kawaida kila mtu anayo, mgonjwa na mzima. Ni sehemu ambazo seli ikibanwa wakati wa kunakili DNA, kromosomu huonyesha pengo au huvunjika kabisa. Yanayojulikana zaidi ni FRA3B kwenye kromosomu ya 3, ndani ya jeni ya FHIT, na FRA16D kwenye kromosomu ya 16, ndani ya WWOX. Jeni hizo ni ndefu ajabu. FHIT peke yake ina herufi kama milioni 1.5. Chukulia shamba kubwa la uwele lenye majembe machache (ndizo mashine za kunakili DNA), yote yameanzia pembeni, na kazi imeanza mvua zikielekea kuisha. Siku ya seli kugawanyika inafika, katikati bado ni pori. Tena mashine inayosoma jeni nayo inapita humo humo, inagongana na zile za kunakili.

Ili tuyaone, tunatia dawa ya afidikolini kidogo sana, chini ya nusu mikromola, saa 24 kabla ya kuvuna seli. Dawa hii inawachelewesha wanakili bila kuwasimamisha. Ukizidisha mkono, unakili unasimama na hupati hata seli moja ya kuhesabu.

Mwaka wangu wa kwanza nilitia dawa kwenye chupa moja, ile ya kulinganishia sikuitia kitu. Afidikolini yetu ilikuwa imeyeyushwa kwenye kiyeyusho kiitwacho DMSO. Nikahesabu mapengo wiki mbili, nikapeleka jedwali kwa msimamizi wangu kifua mbele. Akaliangalia kidogo tu. "Haya ni ya dawa au ya kiyeyusho?" Sikuwa na jibu. Nikaanza upya.

Kosa la aina hiyo limewahi kupoteza njia watu wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1969 mtafiti Lubs alieleza kromosomu X yenye sehemu tete isiyo ya kila mtu, katika familia moja iliyokuwa na wanaume wenye ulemavu wa akili. Maabara nyingine zikaitafuta zikaikosa. Mwaka 1977 mtafiti mwingine, Sutherland, kule Australia, akaonyesha sababu: alama ile hujitokeza seli zikilishwa chakula chenye foleti haba, ile vitamini ya kundi B. Wenzake walikuwa wamehamia vyakula vilivyoshiba, na ubora huo ndio uliokuwa ukiificha. Siku hizi hali hiyo, iitwayo X tete, hupimwa kwenye DNA, kwa kuhesabu marudio ya herufi CGG katika jeni ya FMR1. Yakizidi 200 ndiyo hiyo. Kwa hiyo msimpe mzazi jibu hilo kwa darubini.

Daftarini andikeni jina la chakula cha seli, toleo lake na tarehe kilipofunguliwa. Umeme ukikatika usiku, andikeni ulirudi saa ngapi na inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ilishuka hadi nyuzi ngapi. Mimi hiyo naiandika kwa kalamu nyekundu.