Wasomaji Wauliza: Mashindano Makuu ya Filamu na Nafasi Yetu

Barua kuhusu matamasha ya kimataifa ya filamu zimerundikana mezani, na nyingi zinauliza juu ya sehemu moja tu ya matamasha hayo, yaani mashindano makuu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

Kwako Mhariri, mwaka 2024 binti yetu Lupita Nyong'o aliongoza jopo la majaji katika tamasha la filamu la Berlin. Hapa Kondele tulitarajia angalau filamu moja ya Kenya ipate tuzo, lakini wapi! Je, alitusahau? Na ni nani hasa anayeamua filamu zipi zishindane?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Hakuwasahau, ndugu yangu. Hakupewa nafasi ya kuwakumbuka. Jaji wa mashindano makuu, hata akiwa mwenyekiti wa jopo, hana sauti katika kuchagua filamu zitakazoshindana. Lupita, ambaye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuliongoza jopo hilo, alipofika Berlin Februari ile alikuta orodha ya filamu 20 imekwisha kutangazwa, na ndani yake haikuwamo hata moja ya Kenya. Kazi yake na wenzake sita ilikuwa kuzitazama zote, kuzijadili faraghani na kugawa tuzo za tamasha hilo, yaani Dubu wa Dhahabu, ambaye ndiye tuzo kuu, na Dubu wa Fedha. Dubu wa Dhahabu alikwenda kwa *Dahomey*, filamu ya makala ya Mati Diop, mwelekezi Mfaransa mwenye asili ya Senegali, inayofuata safari ya vitu 26 vya ufalme wa Dahomey vilivyorejeshwa Benin kutoka Paris mwaka 2021. Kwa hiyo Afrika haikurudi mikono mitupu, ingawa Kisumu ilirudi hivyo.

Uamuzi mkubwa hufanyika kabla ya majaji kupanda ndege, na hufanywa na watu ambao magazeti huwataja kwa nadra: mkurugenzi wa kisanaa wa tamasha pamoja na kamati yake ya uteuzi. Tamasha la Cannes, huko Ufaransa, hupokea zaidi ya filamu ndefu 2,000 kwa mwaka, na zinazoingia mashindano makuu huwa 20 au zaidi kidogo. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba filamu iliyofika mbele ya majaji imekwisha kushinda shindano gumu kuliko lile linaloifuata, na ushindi huo wa kwanza hauna hafla wala zulia jekundu. Wateuzi nao hawapimi ubora peke yake. Wanahitaji jina kubwa la kuwavuta waandishi wa habari, mwelekezi chipukizi wa kujivunia, nchi mbalimbali, na filamu zisizofanana sana, hivi kwamba yako inaweza kuachwa kwa sababu tu nyingine yenye kisa kama chako imetangulia kupendwa, na hakuna atakayekuandikia kukueleza hivyo.

Lipo jambo jingine ambalo sipendi kulifunika. Filamu za Afrika zilizofika mashindano makuu katika miaka ya karibuni, kama *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako mwaka 2014, *Atlantique* ya Mati Diop mwaka 2019 na hiyo *Dahomey*, zote zilitayarishwa kwa ushirikiano na Ufaransa. Mtayarishaji wa Paris huja na fedha, lakini huja pia na mazoea: anajua kazi ipelekwe mwezi gani, ipelekwe kwa nani, na wakala yupi wa mauzo anayesikilizwa na wateuzi. Sisemi kwamba kuna hongo. Ni ujirani tu, na sisi wa huku Nyanza tuko mbali na uzio huo. Ndiyo maana mwelekezi wa Kisumu anayetafuta mtayarishaji mwenza wa ng'ambo mapema, mswada ukiwa bado karatasini, huwa na nafasi kubwa kuliko anayetuma kazi iliyokamilika bila mtu wa kuisemea.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa drama. Tamasha zetu za shule huanzia kaunti ndogo, zikapanda hadi kaunti, kanda na taifa, na kila mwamuzi ana karatasi yake ya alama. Je, Cannes na Berlin zina ngazi kama hizo? Ni lazima filamu ipitie tuzo za Kalasha kwanza?
*Mwalimu, Kakamega*

La, Mwalimu, ngazi hazipo. Kushinda Kalasha hakumpi mtu nafasi Berlin, na kukosa Kalasha hakumzuii. Mtayarishaji hutuma filamu yake mwenyewe, bila nchi kumteua. Nadhani kinachowachanganya wengi ni tuzo za Oscar, ambako katika kundi la filamu za kimataifa kila nchi huunda kamati na kupeleka filamu moja tu, kama Kenya ilivyofanya kwa mara ya kwanza na *Nairobi Half Life* mwaka 2012.

Karatasi ya alama nayo hakuna. Jopo la Cannes huwa na watu tisa, wengi wao waelekezi na waigizaji, ambao hutazama filamu zote kwa muda wa siku kumi na ushei, hukutana mara kwa mara bila waandishi wa habari, kisha hupiga kura. Mwamuzi wako wa Kakamega husimama mbele ya wanafunzi akaeleza kwamba mavazi hayakuoana na enzi ya mchezo na kwamba sauti ya mhusika mkuu haikufika viti vya nyuma. Jaji wa Cannes hadaiwi maelezo na yeyote, na walioshindwa hurudi kwao wakikisia. Mipaka yake ni michache. Hawezi kuketi joponi ikiwa ana maslahi katika filamu inayoshindana, na kanuni hazitaki tuzo zilundikwe kwa filamu moja, jambo linaloeleza kwa nini mwigizaji bora mara nyingi hutoka katika filamu ambayo haikuchukua tuzo kuu ya Palme d'Or. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Steven Spielberg lilizunguka kizuizi hicho kwa kuitoa Palme d'Or kwa mwelekezi Abdellatif Kechiche pamoja na waigizaji wake wawili wakuu. Kwa maoni yangu, utaratibu wenu wa kumweleza mtoto alipokosea ni wa haki zaidi.

Ndugu Mhariri, rafiki yangu anashikilia kwamba filamu yetu *Rafiki* ilishindania Palme d'Or mwaka 2018. Mimi nasema haikushindania. Tumewekeana dau la chakula cha mchana. Nani alipe?
*Msomaji, Nakuru*

Rafiki yako alipe, ingawa asidhihakiwe sana. *Rafiki*, yake Wanuri Kahiu, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, lakini ilionyeshwa katika sehemu iitwayo Un Certain Regard, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo ina jopo lake na tuzo zake. Uteuzi rasmi una vyumba kadhaa: mashindano makuu, Un Certain Regard, na filamu za nje ya mashindano, ambazo huonyeshwa kwa shangwe zote bila kuwania chochote. Kisha pembeni zipo Wiki ya Wahakiki, iliyoanza mwaka 1962, na Juma Mbili za Waelekezi, iliyoanza mwaka 1969, ambazo hufanyika mji huohuo na siku zilezile ilhali zinaendeshwa na vyama vingine kabisa. Berlin ni vivyo hivyo: *Supa Modo* ya Likarion Wainaina ilikuwa huko mwaka 2018, katika sehemu ya filamu za watoto na vijana. Ukisikia kwamba filamu fulani "ilikuwa Cannes", uliza sehemu gani. Wapo wanaokodi ukumbi mdogo wakati wa soko la filamu la Cannes, wakaonyesha kazi yao kwa wanunuzi wachache, kisha wakarudi nyumbani na bango lenye jina la mji.

Palme d'Or yenyewe imewahi kuja Afrika mara moja tu, mwaka 1975, ilipochukuliwa na Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria. Waliofuata walipata tuzo za chini yake: *Yeelen* ya Souleymane Cissé wa Mali mwaka 1987, *Tilaï* ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso mwaka 1990, Mahamat-Saleh Haroun wa Chad mwaka 2010, na *Atlantique* mwaka 2019.

Kwako Mhariri, nimekamilisha filamu ndefu kuhusu wavuvi wa ziwani. Nataka kuiweka YouTube ili watu waizoee, halafu niitume Cannes, Venice na Berlin. Pia nimepokea barua pepe kwamba filamu imeteuliwa na tamasha moja la kimataifa, ikiwa na majani mawili ya dhahabu yaliyokumbatia jina la filamu yangu, na wanataka nilipie cheti na kikombe. Nifanyeje?
*Mwelekezi, Homa Bay*

Usiiweke YouTube. Hilo ndilo la kwanza, na laiti ningeweza kulipigia kengele. Matamasha makubwa yanashindania kitu ambacho wewe unacho sasa na ambacho ukikipoteza hakirudi, nacho ni onyesho la kwanza. Venice, kwa mashindano yake makuu, hutaka iwe mara ya kwanza duniani. Cannes hairuhusu filamu iliyokwisha kuwekwa kwenye intaneti au kuonyeshwa katika tamasha jingine la kimataifa, na hutaka iwe imekamilika katika miezi 12 iliyotangulia. Ikiwa imeonyeshwa katika nchi yake tu, bado mlango haujafungwa. Kuwaonyesha rasimu wenzako waliofanya kazi nawe, pale nyumbani, hakuna shida. Mambo hubadilika penye bango na tiketi, na kwa onyesho la namna hiyo hapa Kenya utahitaji pia filamu iwe imepimwa na Bodi ya Kuainisha Filamu, kwa mujibu wa sheria ya filamu na michezo ya jukwaani.

Kwa hiyo panga foleni. Berlin hufanyika Februari, Cannes Mei, na Venice kuanzia mwisho wa Agosti, na milango ya kupokea filamu hufungwa miezi kabla ya tarehe hizo. Anza na moja, usubiri jibu, uende kwa nyingine, lakini usisubiri hadi filamu izeeke. Kisha fikiria nyumbani kwetu kwa uzito uleule. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanzishwa mwaka 1969 na ambalo tangu mwaka 1979 hufanyika kila baada ya miaka miwili, ndilo lililompa Angela Wamai wa Kenya tuzo ya Farasi wa Shaba mwaka 2023 kwa filamu yake *Shimoni*. Zanzibar nako kuna Tamasha la Nchi za Jahazi, ambako wavuvi wako wataeleweka bila mtu kueleza ngalawa ni nini. Ningependa zaidi filamu ya ziwani itazamwe na watu mia tatu ndani ya Ngome Kongwe kuliko ikae miaka miwili drooni ikingojea barua kutoka Ufaransa.

Kuhusu ile barua pepe, usilipe hata senti. Baadhi ya matamasha halali hutoza ada wakati wa kutuma filamu, lakini tamasha linalojiheshimu halimdai aliyekwisha kuteuliwa pesa za cheti wala kikombe. Wachunguze: ukumbi wao uko wapi, tarehe za maonyesho ni zipi, waelekezi wa mwaka jana ni akina nani, na je, kuna yeyote kati yao aliyewahi kuketi ukumbini humo? Ukikuta wanatoa tuzo kila mwezi, wana makundi ya tuzo yasiyohesabika na hawana ukumbi, umekwisha kupata jibu. Na kama hukumbuki kuwatumia filamu hiyo, jiulize waliitazama wapi.

Mhariri, je, filamu ya Kibukusu inaweza kukubaliwa katika mashindano hayo, au ni lazima iwe ya Kiingereza?
*Msomaji, Bungoma*

Inakubaliwa, bila kupunguziwa chochote. Mwaka 2005 Dubu wa Dhahabu wa Berlin alikwenda kwa *U-Carmen eKhayelitsha* ya Afrika Kusini, inayoimbwa na kuzungumzwa kwa Kixhosa, na *Yeelen* niliyoitaja juu ni ya Kibambara. Kinachotakiwa ni maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa Kiingereza au Kifaransa, tangu nakala ile ya kwanza wanayotazama wateuzi. Hapo ndipo kazi nyingi za kwetu huanguka: mistari mitatu imebanana, imetoweka kabla mtu hajaisoma nusu, au mzee amesema maneno mengi yenye uzito na chini pameandikwa neno moja. Mpe kazi hiyo mtu anayekijua Kibukusu cha wazee na anayeandika Kiingereza safi, umketishe na mhariri wa filamu wapime kila mstari utakaa sekunde ngapi, kisha mwite mtu asiyejua Kibukusu atazame yote na akueleze kisa. Malipo ya mtafsiri yaingie kwenye bajeti kabla kamera haijakodishwa, kwa maana mwishoni huwa hapajabaki kitu.