Maswali ya Wasomaji: Wanaozungumza na Wafu Jukwaani

Swali: Nafanya kazi Leicester, Uingereza. Wenzangu walinipeleka kumwona mwanamama anayedai kuzungumza na wafu jukwaani. Ukumbi ulijaa, kama watu 600. Akasema, "Napata mwanamume, jina linaanza na J, John au James, alisumbuliwa na kifua." Mama mmoja nyuma akasimama akilia. Alijuaje?

Jibu: Hakujua. Aliyejua ni yule mama. Piga hesabu: mpe kila mtu ukumbini marehemu 20 tu, kuanzia babu hadi jirani, tayari unao 12,000. John na James kwa Waingereza wa umri wa babu zetu ni kama Juma na Ali kwetu. Na "kifua" kinabeba moyo, mapafu, nimonia, saratani, hata mzee aliyeishiwa pumzi kitandani. Ajabu ingekuwa asisimame mtu. Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Akitaja 14 Machi, uwezekano kwamba angalau mmoja kati ya watu 600 alizaliwa siku hiyo ni kama asilimia 80, na hapo hujaongeza harusi wala misiba.

Akishampata mtu, anaanza kumchimba habari taratibu. Sikiliza swali la namna hii: "Hakuwa mtu wa saa, au siyo?" Ukijibu kwamba hakuvaa, atasema, "Ndiyo maana ananionyesha mkono mtupu." Ukijibu kwamba alivaa kila siku, atasema, "Naam, saa yenyewe ananionyesha." Akikosa kabisa, kosa analibeba mteja: "Nenda nyumbani ukamuulize shangazi." Mpiga ramli wa kwetu angalau hukuuliza jina la mama yako waziwazi.

Yanayobaki ni maneno yanayomkaa kila mtu, kwamba una mengi moyoni usiyoyasema, au kwamba nyumbani kuna picha za zamani hazijapangwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja na karatasi yake, kisha akawaomba wapime usahihi wake. Wastani ulizidi 4 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale.

Swali: Dada yangu yuko Marekani. Alitajiwa jina la marehemu na ugonjwa uliomuua, naye anaapa hakumwambia mtu. Hapo je?

Jibu: Hapo huenda si kubahatisha tena, ni upelelezi. Tiketi ikinunuliwa mtandaoni inabeba jina na barua pepe, na kutoka hapo hadi Facebook ni dakika mbili. Foleni nayo ina masikio.

Mfano uliothibitishwa ni wa Peter Popoff, mhubiri wa uponyaji. Yeye hakudai kuita wafu, lakini kazi ni ile ile: kumtajia mgeni mambo yake. Mwaka 1986 mwanamazingaombwe James Randi na wenzake waliingia na redio ya kunasa mawimbi, wakamkuta mke wa Popoff akimsomea mumewe majina na magonjwa kwenye masafa ya megahezi 39.17, sauti ikiingia kwenye kidude kidogo sikioni. Habari zilitoka kwenye kadi za maombi ambazo waumini walijaza wenyewe kabla ya ibada.

Mtego mzuri zaidi uliwekwa mwaka 2017 na Susan Gerbic, mwanaharakati anayewachunguza wanaodai kuzungumza na wafu, pia Marekani. Wenzake walitengeneza kurasa za Facebook za watu wasiokuwepo, na yeye akaenda kwenye onyesho kwa mojawapo ya majina hayo ya bandia bila kusoma kilichoandikwa humo. Jukwaani akaletewa salamu za pacha wake aliyekufa kwa saratani ya kongosho. Pacha huyo hakuwahi kuzaliwa. Alikuwepo kwenye ukurasa ule tu. Kwa kuwa Gerbic mwenyewe hakuyajua, hata kusingizia kwamba alisomwa mawazo haiwezekani. Mwenye onyesho alikana kutumia Facebook.

Swali: Kwa nini matangazo yao huandika "kwa burudani tu"?

Jibu: Sheria. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1951 dhidi ya waita roho matapeli. Ilifutwa 2008, wakawekwa chini ya kanuni za kumlinda mteja. Maneno hayo ni ya wakili. Jukwaani hutayasikia yakirudiwa kwa sauti ile ya huruma.

Swali: Mama amefiwa na anataka kwenda. Nimzuie?

Jibu: Nenda naye. Tiketi inunuliwe na rafiki mwenye jina la ukoo tofauti na lenu, na ukumbini msimtaje marehemu hata chooni. Mtahadharishe mama mapema kuhusu jambo moja: kikao cha faragha baada ya onyesho kina bei yake, na kikao cha pili hufuata cha kwanza. Kubalianeni nyumbani kwamba hapatalipwa kitu zaidi ya tiketi.

Beba daftari, kwa sababu kesho yake mtu hukumbuka lililopatia na kusahau tisa yaliyokosa. Chora safu tatu: alichosema, kama kilikuwa swali au kauli, na nani aliyetoa jina, ugonjwa au tarehe kamili. Ukiulizwa, jibu ndiyo au hapana, usiongeze neno, na zuia kichwa kisitikisike. Mkifika nyumbani futeni maswali yote, kisha kila mstari ambao habari kamili ilitoka kwenu. Mkabidhi mama mistari iliyosalia, aisome mwenyewe kwa wakati wake.