Bei ikishuka, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Tumefundishwa kwamba Marekani kesi za ushindani hupimwa kwa kigezo cha ustawi wa mlaji. Sasa kampuni kubwa ikiuza kwa bei ya chini kuliko wenzake wote, si mlaji anafaidi? Ina maana haishitakiki?

JIBU: Marahaba. Inashitakika, ila kuishinda ni kazi, na ugumu huo uliwekwa makusudi.

Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa muungano wa kampuni mbili za maduka ya vyakula za Los Angeles, Von's na Shopping Bag, japo kwa pamoja zilikuwa na asilimia 7.5 tu ya mauzo. Wasiwasi ulikuwa maduka madogo kumezwa. Msomi wa sheria Robert Bork alizipinga sana hukumu za aina hiyo. Katika kitabu chake cha 1978 alishikilia kwamba sheria ipo kwa ajili ya mlaji, si kwa mfanyabiashara aliyeshindwa kushindana. Mwaka uliofuata Mahakama hiyohiyo ilimnukuu katika kesi ya Reiter dhidi ya Sonotone.

Swali lako linajibiwa na Brooke Group ya 1993, kesi ya sigara za bei nafuu. Anayedai mpinzani ameshusha bei ili amfukuze sokoni athibitishe mambo mawili: bei iko chini ya gharama, na mpinzani atakuja kuifidia hasara yake kwa kupandisha bei baadaye. La pili ndilo linaloangusha wengi, na ndilo lililomwangusha mlalamikaji pale. Kama bei ikipanda tu wauzaji wapya wanaingia, hasara haifidiki, na mahakama huona mlaji kapata unafuu tu. Mimi naona sharti hili ni zito mno kwa kampuni yenye mitaji ya kuvumilia hasara miaka mingi. Mwanasheria Lina Khan alijenga hoja hiyo kuhusu Amazon mwaka 2017.

Lakini usifanye kosa la kudhani ustawi wa mlaji ni bei ya dukani peke yake. Oktoba 2022 Jaji Florence Pan alizuia kampuni ya kuchapisha vitabu ya Penguin Random House kumnunua mpinzani wake Simon & Schuster kwa dola bilioni 2.175. Serikali haikudai kwamba vitabu vingepanda bei. Ilidai waandishi wanaolipwa malipo ya awali ya dola 250,000 au zaidi wangebaki na wanunuzi wachache wa miswada yao, na walipwe kidogo. Ambaye angeumia ni mwandishi, yaani muuzaji wa muswada, si mlaji dukani, na serikali ilishinda.

Ukirudi nyumbani, kabla hujamtaja Bork kwenye insha yako, soma kifungu cha 3 cha Sheria ya Ushindani ya 2003. Lengo lililoandikwa pale ni ustawi wa watu wa Tanzania kwa ujumla, na kumlinda mlaji ni njia mojawapo tu kati ya kadhaa zilizotajwa.