Sufuria, Nyundo na Sabato ya Wayahudi: Maswali na Majibu

Majibu ya juma hili yanafuata sheria ya marabi, ambayo mzizi wake ni Mishna, kitabu cha mafundisho ya marabi kilichokusanywa yapata mwaka 200. Jamii za Kiyahudi hutofautiana katika mambo madogo madogo, nami nimeshika yale ambayo wengi wanakubaliana.

Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Inakuwaje basi Wayahudi wale chakula cha moto Jumamosi mchana?

Katazo la Kutoka 35:3 ni la kuwasha moto, na marabi walilisoma hivyo hivyo: moto uliowashwa Ijumaa kabla ya jua kutua unaweza kuachwa uendelee kuwaka. Ndiyo maana nyama, maharagwe na shayiri huwekwa motoni mapema na kuliwa kesho yake mchana. Wayahudi wa Ulaya Mashariki huita chakula hicho cholent. Wakaraiti, kundi la Wayahudi waliokataa mapokeo ya marabi, hawakukubali moto huo, na mabishano yakawa makali kiasi kwamba Zerachiah ha-Levi, mwanachuoni wa karne ya 12, aliandika kuwa asiyekula chakula cha moto siku ya Sabato anapaswa kuchunguzwa kama si mzushi. Hofu ya marabi ilikuwa nyingine, kwamba mtu ataona chakula hakijaiva vizuri akachochea makaa. Kwa hiyo makaa yaliondolewa au kufunikwa kwa majivu. Siku hizi wengi hufunika jiko la gesi kwa bamba la bati, na sufuria hukaa juu yake.

Nikiipua sufuria ili nipakue, naweza kuirudisha?

Unaweza, ila kwa masharti: chakula kiwe kimeiva kabisa na bado kina moto, jiko liwe limefunikwa, nawe uwe uliipua kwa nia ya kuirudisha, na kwa kawaida mkono wako usiwe umeiachia. Mchuzi uliopoa kabisa haurudishwi motoni.

Kwetu tuna kapu lenye vitambaa ndani, la kuhifadhi joto la chakula. Je, lingeruhusiwa?

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu Mishna inalijibu karibu moja kwa moja. Inatenganisha vitu vinavyoongeza joto na vile vinavyolitunza tu. Chungu hakifukiwi katika samadi, chokaa wala makapi ya zeituni zilizokamuliwa, hata kama ni Ijumaa mchana. Bali huruhusiwa kukifunika kwa nguo, nafaka au manyoya ya njiwa, maadamu bado ni mchana. Kapu lenu liko kundi la pili. Giza likiingia kabla hujakifunika chungu, umechelewa; lakini kama ulikifunika mchana kikafunuka usiku, unaweza kukifunika tena.

Ni kweli kwamba hata kugusa fedha ni kosa?

Kinachokatazwa hasa ni kuisogeza. Fedha, mawe na mishumaa ni mukze, yaani vitu ambavyo havikuwekwa tayari kwa matumizi ya siku hiyo, na kwa jumla kugusa bila kusogeza si kosa. Ama chombo cha kazi iliyokatazwa kina nafuu: nyundo haipigi misumari, lakini Mishna inaruhusu kuichukua ili kuvunjia kokwa, na unaweza pia kuiondoa ukihitaji mahali ilipolala. Kuihamisha kwa ajili ya kuilinda tu, isinyeshewe mvua kwa mfano, hakuruhusiwi.

Sarafu zikisahaulika juu ya mto wa kulalia?

Unautikisa mto, zinaanguka zenyewe. Lakini ukiziweka hapo Ijumaa kwa makusudi, na zikawa bado zipo Sabato ilipoingia, mto wenyewe unakuwa tegemeo la kitu kilichokatazwa na hausogezwi mpaka Sabato iishe. Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla ya mishumaa kuwashwa, kagua mito, droo na mifuko ya nguo.