Kilo za sukari kwa kila mtu: majibu ya barua zenu

Makala yangu kuhusu mizania ya chakula, ile hesabu inayoonyesha chakula kilichopatikana nchini kwa mwaka na kilikokwenda, imeleta barua nyingi, na karibu zote zinauliza habari za sukari. Nazijibu chache.

Muuza vitumbua, Makorora: "Nasikia watu wakitaja kilo kumi za sukari kwa mtu kwa mwaka. Sisi nyumbani tupo watano na kilo nane hazitufikishi mwisho wa mwezi. Wenzetu wanaishije?"

Dada yangu, kilo nane kwa miezi 12 ni kilo 96. Ukigawa kwa watano, kila mmoja anapata kilo 19 na ushei. Ila sehemu ya sukari hiyo inaingia kwenye vitumbua, na vitumbua wanakula wateja wako.

Mizania haimfuati mtu jikoni kwake. Huchukua sukari iliyozalishwa nchini, ikaongeza iliyoagizwa, ikatoa iliyouzwa nje, ikarekebisha akiba ya maghalani na kuondoa iliyopotea njiani au iliyotumika kwa mambo yasiyo chakula. Inayobaki inagawanywa kwa watu wote, hata mtoto aliyezaliwa jana. Kwa hiyo ile namba ni sukari iliyokuwepo kwa ajili ya kuliwa. Iliyoganda chini ya kikombe imo, ya soda na biskuti imo. Na anayekunywa chai ya rangi kavu amechanganywa na anayetia vijiko vinne. Ukitaka kujua kaya zinatofautianaje, tazama Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ndio unaowauliza watu wenyewe.

Kilo kumi kwa mwaka ni gramu 27 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Afadhali zaidi ibaki chini ya asilimia 5, yaani gramu 25. Kilo zenu 19 ni gramu 52, na kiwango cha watoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima. Nakuomba sana, itenge sukari ya chai ya nyumbani na ya biashara, uipime mwezi mmoja tu. Namba hiyo itakufaa kuliko wastani wowote wa taifa.

Muuza juisi ya miwa, Ngamiani: "Miwa yangu imo?"

Imo, ila si kwenye fungu la sukari na vitamu. Muwa unaotafunwa au kukamuliwa kibandani huhesabiwa katika fungu la mazao ya sukari. Asali ya nyuki, kwa upande wake, imo kwenye fungu la vitamu.

Mwanafunzi, Korogwe: "Nimechora grafu ya Tanzania kuanzia 1961 kwa takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Karibu na 2013 mstari unaruka. Tulibadilika ghafla?"

Mwanangu, kabla ya kuwahukumu walaji, tazama hesabu yenyewe. FAO ilibadili njia ya kukokotoa. Mfululizo wa zamani unaishia 2013, mpya unaanzia 2010. Usiuunganishe kama kamba moja. Miaka ya 2010 hadi 2013 imo kote kuwili, hivyo linganisha namba za miaka hiyo kwanza. Tofauti utakayoiona hapo imetokana na mbinu, watu hawakubadili ulaji.

Pia tazama idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Chukulia mfano tu wa tani 450,000 katika kila mwaka kati ya hiyo miwili: kwa mtu mmoja, kilo 10 zinashuka hadi 7.3 bila kiwanda hata kimoja kupunguza kazi. Na ukiona namba za FAO zimezidi za ripoti nyingine, angalia kama ni sukari ghafi. Kilo moja ya sukari iliyosafishwa huzidishwa kwa 1.087 ili kuigeuza ghafi.

Mwenye duka, Duga: "Na ile inayopita bandari bubu?"

Sukari ya magendo haina karatasi ya forodha, basi haiingii kwenye safu ya uagizaji labda wataalamu waikadirie. Kwa mwambao wetu wa Tanga, wenye mpaka wa Horohoro na vijibandari kila kona ya mikoko, hilo si jambo dogo. Ikitoka Tanzania kwenda kwa jirani, huku tunaonekana tumekula sukari ambayo hatukuila. Ikiingia, tunaonekana tumekula kidogo. Ndiyo maana kupanda au kushuka kwa mwaka mmoja sikuamini haraka. Nasubiri nione miaka mitano inaelekea wapi.

Mzee wa Pangani: "Sukari guru ya zamani ya bonde letu ilihesabiwa?"

Shikamoo babu. FAO ina safu yake ya sukari isiyopita kwenye mashine za kiwanda, na sukari guru ni ya humo. Lakini mfululizo unaanza 1961. Miwa ya bonde la Pangani ilistawi karne ya 19, Abushiri bin Salim mwenyewe, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, akiwa na shamba la miwa huko, na waliolima na kukamua katika mashamba yale wengi wao walikuwa watumwa. Jasho lao halimo katika jedwali lolote la mizania.